Sanduku la tezi: shajara ya mradi wa klabu yetu ya baiolojia

Jumamosi, 10 Mei

Safari hii naandika kila hatua. Mradi wa bustani ya mboga ulikufa na hadi leo hakuna anayekumbuka uliishia wapi, wala majembe yaliishia kwa nani.

Chanzo cha huu ni jaribio la wiki iliyopita, Kidato cha Tatu. Swali la kwanza: homoni ni nini? Karibu darasa zima walipata (ujumbe wa kikemia unaotengenezwa na tezi), kwa Kiingereza kilichonyooka, neno kwa neno kama lilivyo daftarini. Nikafurahi. Nikaingia darasani, nikauliza kwa Kiswahili: "Haya, ikishatoka kwenye tezi inapita wapi mpaka ifike inakokwenda?" Kimya. Mmoja akasema inapita kwenye mishipa ya fahamu. Mwingine akasema utumbo. Wa tatu, na huyu namheshimu kwa ukweli wake, akasema: "Mwalimu, mimi nilijua ni kitu cha wasichana."

Inapita kwenye damu. Hiyo ndiyo sentensi moja ambayo mtu akiishika, mengine yote yanakaa mahali pake, na ndiyo hawakuwa nayo.

Kwa hiyo tunatengeneza sanduku. La mbao, lenye mfuniko, ndani chupa tano za jemu, kila moja na tezi halisi ya mbuzi na kadi ya maelezo kwa Kiswahili. Mbuzi ana tezi zilezile tulizo nazo sisi, karibu mahali palepale. Orodha: adrenali (ya kwenye figo), kongosho, thairoidi (ya shingoni), korodani, pituitari (ya chini ya ubongo). Ile chati ya ukutani yenye mtu wa rangi ya waridi aliyebandikwa vitone imeshindwa kazi, na iko pale tangu sijahamia shule hii.

Fedha: spiriti, wembe, glavu. Chupa watoto watatoa nyumbani. Mbao tunazo, za madawati yaliyovunjika.

Jumamosi, 17 Mei

Mnada wa Msalato, hapa Dodoma. Tulikwenda mimi, mtunza maabara na wanafunzi wanne, asubuhi, kabla moshi wa nyama choma haujawaharibu akili.

Nilimwomba mchinjaji figo mbili zikiwa bado na mafuta yake. Akanitazama. "Mwalimu wangu, hayo mafuta tunayatoa. Utanunua uzito wa bure." Nikamweleza tunatafuta kitu kilichojificha mle ndani. Akacheka, akatupa bila kupima, ila akaacha kazi yake akaja kusimama nyuma yetu.

Mafuta ya figo ya mbuzi yakipoa yanakuwa kama mshumaa. Ukiyasaga kati ya vidole yanavunjika vipandevipande, na ndivyo tulivyofanya, tumekaa kwenye benchi la muuza chai. Figo ya kulia ndiyo ilianza. Kwenye ncha ya juu, upande wa ndani, kidole cha msichana mmoja kiligota kwenye kitu ambacho hakikuvunjika. Akakifuta kwa kitambaa. Kitu chenye umbo la punje ya maharage, kigumu kidogo kuliko mafuta, laini kuliko figo. Mchinjaji akasema: "Hiyo? Hiyo tunatupa. Mbwa wanakula."

Tukaikata kwa wembe katikati. Ndani ina sehemu mbili zilizoachana wazi, kama yai la kuchemsha: ganda na kiini. Nikawaambia hizo ni tezi mbili zinazoishi nyumba moja. Ganda linatengeneza kotisoli, inayosimamia sukari na kuhimili mkazo wa siku nzima, na aldosteroni, inayoiambia figo ishike chumvi isiipoteze kwenye mkojo. Kiini kinatengeneza adrenalini, ile inayokupiga moyoni ukikutana na fisi njiani. Adrenalini ilitolewa kwenye tezi za wanyama wa machinjio ikiwa safi mwaka 1901, na Mjapani Jokichi Takamine aliyekuwa akifanya kazi Marekani. Mchinjaji akauliza kama aliwalipa wachinjaji. Sikuwa na jibu la kumridhisha.

Figo ya kushoto haikuwa na kitu. Tukasaga mafuta yote mpaka mwisho, hakuna. Ya mbuzi wa pili, hivyohivyo. Nikaanza kusema labda imekatika. Mtunza maabara, ambaye kwao ni wafugaji na hasemi sana, akamwomba mchinjaji asiondoe kitu kwenye mbuzi wa tatu, akaingiza mkono mwenyewe. Tumbo kubwa la mbuzi, lile la kucheulia, linaisukuma figo ya kushoto kutoka mahali pake, lakini tezi haifuati. Inabaki kando ya mshipa mkubwa wa damu, karibu na uti wa mgongo. Akaitoa ikiwa imeshikana na kipande cha mshipa. Kwenye chati yetu ya mtu zote mbili zimekaa juu ya figo kama kofia. Kwa mbuzi kofia moja imeanguka.

Tukanunua pia kongosho. Watoto walikuwa wanaonyesha bandama, maana bandama ndiyo wanayoijua kwa kuila. Kongosho ni lile pande refu la rangi ya nyama iliyofifia, limelala kwenye utando karibu na mwanzo wa utumbo, halina umbo la maana.

Jumapili, 18 Mei

Kongosho limeyeyuka.

Adrenali tulizitia kwenye spiriti jana hiyohiyo. Kongosho tulisema tutalifanya leo, tukaliacha ndani ya mfuko wa nailoni juu ya meza ya maabara. Asubuhi nimekuta uji wa rangi ya kijivu na harufu ambayo mlinzi ameniuliza kama kuna panya amekufa. Ini tulilolinunua pamoja nalo, likakaa mfuko wa jirani usiku uleule, lilikuwa limeanza kuharibika lakini bado ni ini.

Nilikasirika, halafu nikakumbuka kwamba hiki ndicho kisa chenyewe. Kongosho lina kazi mbili. Sehemu kubwa yake inatengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula na kuvimwaga utumbo kwa mrija. Katikati ya sehemu hiyo vimetawanyika vijisiwa vidogo vya seli visivyo na mrija wowote, vinavyomwaga insulini moja kwa moja kwenye damu. Mnyama akifa, vile vimeng'enya vinaanza kulisaga kongosho lenyewe.

Tangu 1889 ilijulikana kwamba mbwa aliyetolewa kongosho anapata kisukari. Minkowski na von Mering walilionyesha hilo huko Strasbourg. Lakini waliojaribu kulisaga kongosho ili wapate hicho kitu kinachozuia kisukari walikuwa wanasaga na vimeng'enya humohumo, navyo, ilidhaniwa, vinakila wanachokitafuta. Zaidi ya miaka 30. Mwaka 1921 huko Toronto, Banting na Best wakaanza kwa kufunga mirija ya kongosho la mbwa, ile sehemu ya vimeng'enya ikasinyaa. Baadaye wakaenda machinjioni kuchukua makongosho ya ndama ambao hawajazaliwa, kisha ya ng'ombe wakubwa, wakitumia alkoholi. Collip, mkemia, ndiye aliyeisafisha insulini vizuri, kwa alkoholi hiyohiyo. Januari 1922 wakamchoma sindano mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amebaki mifupa. Sindano ya kwanza ilikuwa chafu na haikusaidia sana. Ya pili, siku 12 baadaye, ikashusha sukari. Aliishi miaka mingine 13.

Maana yake ni kwamba sisi tumerudia kosa la watu wakubwa kwa kutumia mfuko wa nailoni. Jumamosi ijayo kongosho linaingia kwenye spiriti palepale mnadani.

Jumamosi, 24 Mei

Kongosho la pili, salama. Korodani, salama, na vicheko vimekwisha baada ya dakika kumi. Thairoidi tumepata upande mmoja tu, kisu kilipita kwenye mwingine.

Jumatano, 28 Mei

Leo hatukugusa chupa. Tumegombana juu ya neno.

Kadi ya kwanza iliandikwa na kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri: "Homoni ni kichocheo kinachotengenezwa na tezi." Vitabu vingi vya Kiswahili vinasema hivyo na mimi mwenyewe nimefundishwa hivyo. Msichana wa Bahi akapinga. Hoja yake: insulini inashusha sukari ya damu. Kitu kinachoshusha unakiitaje kichocheo? Nami nikaongeza somatostatini, homoni ambayo kazi yake ni kuzizuia nyingine, ikiwemo ya ukuaji. Na mwalimu wa kemia akichungulia dirishani atadai kichocheo ni chake, kile kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia.

Yule kijana hakukubali kirahisi. Alisema hata kumzuia mtu ni kumchochea asifanye, jambo ambalo nimelifikiria mpaka sasa na sijalimaliza. Kilichoniuma ni kwamba Starling, Mwingereza aliyelileta neno homoni mwaka 1905, alilichukua kwenye kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea, kusukuma. Miaka mitatu nyuma yeye na Bayliss walikuwa wameonyesha kwamba utumbo ukiguswa na asidi unatoa kitu kinachopita kwenye damu na kuliamsha kongosho, hata mishipa ya fahamu ikiwa imekatwa. Kwa hiyo hata Mgiriki alitupa jina lenye kasoro ileile, tofauti ni kwamba sisi hatusikii Kigiriki, ndiyo maana halitusumbui. Tumeandika homoni.

Baada ya hapo nikawapa mfano. Mshipa wa fahamu ni simu: unampigia mtu mmoja, anapokea, mnamaliza. Homoni ni gari la matangazo linalotoka Chang'ombe mpaka Nkuhungu likisema kesho kuna chanjo ya ng'ombe. Nyumba zote zinasikia, wenye ng'ombe ndio wanaotoka. Seli yenye kipokezi cha homoni fulani ndiyo nyumba yenye ng'ombe.

Nilidhani nimemaliza. Swali la kwanza: "Gari likishapita, tangazo linafutwa na nani?" Zuri. Ini na figo vinafanya kazi kubwa hapo. Nusu ya insulini iliyomo kwenye damu inaondoka kwa dakika tano hivi, nusu ya thairoksini, homoni ya thairoidi, inachukua karibu wiki. Adrenalini nayo haikai, ndiyo maana hasira inapoa haraka, lakini mgonjwa wa thairoidi anayeanza dawa anasubiri wiki kadhaa.

Swali la pili lilitoka nyuma kabisa, kwa yule wa "kitu cha wasichana": "Na wenye ng'ombe wakiziba masikio?"

Nikakaa kwenye meza. Hicho ndicho kisukari cha aina ya pili. Insulini ipo, mara nyingi nyingi kuliko kawaida, lakini misuli, ini na mafuta havisikii vizuri. Kongosho linaongeza sauti. Linaongeza tena. Baada ya miaka linachoka, sauti inakauka, sukari inapanda. Aina ya kwanza ni nyingine: gari lenyewe limechomwa moto, tena na askari wa mwili wenyewe. Huyo bila sindano haishi.

Mmoja akasema bibi yake anachoma sindano hizo na nyumbani hawana friji, chupa inakaa kwenye mtungi mdogo ulioingizwa ndani ya mtungi mkubwa, katikati mchanga uliolowa. Kwa hewa kavu ya Dodoma mtungi huo unafanya kazi vizuri kuliko ambavyo ungefanya Tanga, maji yanakauka haraka na kuondoka na joto. Nimemwambia aandike kadi yeye, na aende kwanza akamwombe bibi ruhusa.

Jumamosi, 31 Mei

Kichwa cha mbuzi, kwa ajili ya pituitari. Tulikipasua kwa shoka, tukauinua ubongo, tukatafuta chini yake kitu cha ukubwa wa mbaazi kinachoning'inia. Hakuna. Tukageuza ubongo mara tatu. Mtunza maabara akachukua kichwa nyumbani, kikawa supu. Tuliitwa. Ilikuwa na ndimu na pilipili za kutosha.

Alhamisi, 5 Juni

Likizo. Kazi ya nyumbani kwa wanaotoka kwenye ng'ombe: muulizeni babu au bibi kwa nini ndama huletwa kwanza kabla ya kukamua.

Jumatatu, 14 Julai

Wamerudi na majibu mazuri kuliko nilivyotegemea. Msichana wa Bahi alileta ya babu yake, nayaandika kama alivyoyasema: "Ng'ombe wetu wa asili ana maziwa yake, hakupi mpaka amsikie mtoto. Ndama akishika chuchu unamwondoa, unakamua hapohapo bila kupiga stori. Ukichelewa ameyapandisha. Na mbwa akibweka, au ukimpiga, siku hiyo umeikosa."

Kila sentensi ya mzee huyu ina homoni ndani yake. Ndama akinyonya, habari inapanda kwa mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo, na sehemu ya nyuma ya pituitari inamwaga oksitosini kwenye damu. Kwa muda kama wa dakika moja imefika kwenye kiwele na kuviminya vifuko vya maziwa. "Hapohapo bila kupiga stori" ni kwa sababu oksitosini inaisha kwenye damu ndani ya dakika chache. "Mbwa akibweka" ni adrenalini, ile ya kiini cha maharage letu la Msalato, inayobana mishipa ya damu na kuizuia oksitosini isifanye kazi. Oksitosini hiyohiyo inamkaza mama mjamzito uchungu, na wakunga wanaichoma baada ya kujifungua ili damu isimwagike.

Nilimwambia ampelekee babu shikamoo zangu. Akasema babu ameuliza sisi walimu tulijuaje hayo bila kuwa na ng'ombe.

Mvulana wa Kongwa alizungumzia maksai: dume akihasiwa mapema hapati nundu kubwa, anakuwa mpole, hapandi. Nikampa kisa cha kuku wa Berthold, mtafiti Mjerumani. Göttingen, 1849: majogoo waliohasiwa, upanga wa kichwani ukanywea, wakaacha kuwika. Wengine akawapandikizia korodani tumboni, mahali pasipo pake, mishipa yote ya fahamu ikiwa imekatwa. Wakawika. Njia iliyobaki ni damu tu. Hii imeingia kwenye kadi ya chupa ya korodani.

Jumamosi, 19 Julai

Sanduku la maswali, la karatasi zisizo na majina. Muuguzi wa zahanati alikuja kusaidia, la sivyo ningeumbuka.

Karatasi nyingi zilihusu kuku wa kisasa: kwamba wanapewa homoni, ndiyo maana wasichana siku hizi wanavunja ungo mapema. Kuku hao wanakua haraka kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa vizazi na vizazi na chakula kilichopimwa. Homoni ya ukuaji ni protini, kuku akilishwa angeisaga kama dagaa. Walionekana kutoridhika. Imani hii ina mizizi na mimi sina shoka.

Vidonge vya majira: muuguzi alieleza kwamba vina homoni zinazofanana na za ovari, zinazoizuia pituitari kutoa ile amri ya yai kutoka. Wasichana waliandika. Wavulana waliandika zaidi.

Halafu mkorogo. Baadhi ya krimu za kujichubua zina dawa za jamii ya kotisoli, tena kali. Ukijipaka mwili mzima kwa miezi, dawa inaingia kwenye damu, pituitari inaona kotisoli imejaa, inanyamaza, na ganda la adrenali linasinyaa kwa kukosa kazi. Ukiacha ghafla, ukaugua au ukafanyiwa upasuaji, mwili unaita kotisoli na hakuna wa kuitika. Muuguzi aliinua chupa yetu ya adrenali dirishani ili waone ganda lenyewe. Darasa zima lilitulia. Namjua angalau mmoja aliyekwenda kumwona muuguzi pembeni baadaye.

Na thairoidi, kwa kifupi maana muda ulikwisha: ukikosa madini joto kwenye chumvi, tezi haipati malighafi ya kutengeneza thairoksini, pituitari inazidi kuipigia kelele, tezi inavimba ikijitahidi. Ndilo rovu. Jina "madini joto" huwa linanichekesha, lakini thairoksini kweli ndiyo inayoamua mwili uunguze chakula kwa kasi gani na utoe joto kiasi gani, kwa hiyo limeangukia pazuri.

Jumamosi, 26 Julai

Pituitari imepatikana.

Ilikuwa hivi. Wakati wa likizo nilitazama tena mchoro wa fuvu na nikaona ujinga wetu. Pituitari haining'inii hewani. Imekaa kwenye shimo dogo la mfupa wa sakafu ya fuvu, imefunikwa na utando, na kinachoiunganisha na ubongo ni kikonyo chembamba kama uzi. Ukiuinua ubongo kikonyo kinakatika, tezi inabaki shimoni. Sisi tulikuwa tunaugeuza ubongo.

Leo hatukutumia shoka. Msumeno wa chuma, polepole, kuzunguka paji. Ubongo ukatoka mzima. Mtunza maabara akamulika kwa tochi ya simu. Katikati ya sakafu kuna utando mweupe wenye tundu dogo, na tundu hilo ndipo kikonyo kilipopita. Msichana wa Bahi akauchana utando kwa ncha ya wembe, akachimbua kwa mpini wa kijiko cha chai, kidogokidogo, amebana pumzi. Ikatoka. Ukubwa wa mbaazi, rangi ya waridi iliyochujuka, na ukiitazama kwa lenzi unaona mbele na nyuma havifanani.

Nilizungumzia ile ya nyuma, maana ndiyo ya huku kwetu. Pamoja na oksitosini inamwaga homoni inayoiambia figo irudishe maji. Zote mbili zinatengenezwa juu yake, kwenye sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, zikateremka kwa kikonyo. Julai hii hakuna tone la mvua, upepo unakausha midomo, mkojo wa mchana ni wa rangi ya chai: hiyo ni homoni hiyo kazini. Pombe inaizuia. Ndiyo maana mtu anakunywa mvinyo wa zabibu zetu glasi tatu, anakojoa nne, na asubuhi ana kiu ya ngamia. Mtunza maabara alisema hilo alikuwa analijua.

Yule kijana wa mwandiko mzuri akauliza: "Kwa hiyo ile ya kwanza iko wapi?" Tukatazamana. Mtunza maabara ndiye aliyeanza kucheka.

Jumatano, 6 Agosti

Chupa tano zimekaa kwenye sanduku, kadi zimegundishwa. Yaliyobaki:

Mfuniko wa chupa ya kongosho unavujisha spiriti, tubadilishe. Thairoidi ya upande wa pili, mchinjaji ameahidi kukata chini zaidi. Ovari hatuna, wasichana wamelalamika na wana haki, mbuzi jike ataangaliwa Jumamosi. Kadi ya mtungi wa insulini, bibi ameruhusu, ila anataka isomwe kwake kwanza.

Kwenye kadi ya pituitari, chini kabisa, kwa penseli, mtu ameandika: "Ya kwanza tuliinywa." Nimeiacha.